Mtoto Aliyetumwa Mjini

Filamu hii sikuwaonyesha watoto wa Kipaimara. Naanza na hilo kwa sababu mzazi mmoja alinijia akiwa amekasirika, amesikia kwamba ukumbi wa usharika umetumika kuonyesha sinema yenye damu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Waliokuwapo ni wazee wa kanisa, wainjilisti wa mitaa, akina mama wa Umoja wa Wanawake na wazazi wachache. Tulikuwa kama thelathini, Ijumaa jioni, na projekta ya kuazima na shuka jeupe lililotundikwa juu ya ubao wa matangazo. Spika ilikoroma mwanzo hadi mwisho.

Filamu yenyewe inaitwa White Shadow, yaani kivuli cheupe. Ilitoka mwaka 2013. Mwongozaji wake, Noaz Deshe, si Mtanzania, lakini hadithi ni ya hapa kwetu, waigizaji ni wa hapa, na wanazungumza Kiswahili kile tunachokisikia stendi na sokoni. Mwaka huohuo ilishinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice, Italia. Wazungu waliiona na kuipigia makofi. Sisi wa Shinyanga na Geita, ambao jambo lenyewe lilitokea milangoni petu, wengi wetu hatujaisikia hata kwa jina.

Mhusika mkuu ni kijana mdogo mwenye ualbino aitwaye Alias. Anayemwigiza, Hamisi Bazili, naye ana ualbino, na nadhani hilo linaonekana katika namna anavyotembea na kutazama watu. Filamu inaanza kijijini. Usiku, Alias anashuhudia baba yake, ambaye pia ana ualbino, akiuawa na watu waliokuja kutafuta viungo vyake. Mama anaona kwamba mtoto hawezi kubaki. Anamtuma mjini kwa mjomba wake, Kosmos, dereva wa lori mwenye vibiashara vidogo vidogo visivyoenda vizuri. Mjomba anampokea, na kuanzia hapo Alias anakuwa mtoto wa mjini kama wale tunaowaona kila siku: anazunguka juani akiuza miwani ya jua, sidii na simu. Anampenda Antoinette, binti wa Kosmos, jambo ambalo baba mtu halitaki. Anapata na rafiki mdogo, Salum, naye mwenye ualbino. Yanayofuata sitayasimulia. Itoshe kusema kwamba mji unageuka kuwa pori lilelile alilolikimbia.

Nataka nikae kidogo kwenye ile miwani. Mtu mwenye ualbino macho yake hayahimili mwanga mkali, na ngozi yake haihimili jua. Wataalamu wanatuambia kwamba saratani ya ngozi imewaondoa wengi kuliko panga. Sasa mtazame huyu mtoto, amesimama barabarani saa saba mchana, mikono imejaa miwani ya jua, akiwauzia watu wenye macho mazima ili wapendeze. Hakuna anayetoa hotuba juu ya jambo hilo. Kamera inaangalia tu. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapofikia kiwango chake cha juu, kuliko katika matukio yote ya mapanga na mayowe, maana inatuonyesha umaskini unavyofanya kazi siku ya kawaida ambapo hakuna aliyeuawa.

Nilipokuwa Makumira, mwalimu mmoja mgeni alituonyesha filamu ya Kiingereza ya mwaka 1969 iitwayo Kes, ya mwongozaji Ken Loach. Nilikuwa nimeisahau, lakini usiku ule ukumbini ilinirudia yote. Ni habari za mvulana Billy Casper wa Barnsley, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Baba hayupo. Kaka yake, Jud, anashuka mgodini. Billy anagawa magazeti alfajiri, shuleni anachapwa, na furaha yake yote ni ndege mmoja, kozi, jamii ya mwewe, aliyemlea na kumfundisha kuruka na kurudi mkononi. Siku moja Jud anamwachia pesa akamwekee dau la farasi. Billy anashawishika kwamba farasi hao hawatashinda, anazila zile pesa. Farasi wanashinda. Jud, kwa hasira ya bahati iliyompita, anamuua yule ndege.

Tulipoitazama chuoni tulijadili elimu, malezi na viboko. Baada ya miaka zaidi ya kumi na tano ya kuchunga watu wa machimboni, sasa naona kitu kingine. Jud si shetani. Ni mtu anayeshinda chini ya ardhi wiki nzima na anataka mara moja tu mkono wa bahati umguse. Mwenye duara wa kwetu anataka kitu hichohicho. Tofauti ni kwamba Jud alikwenda kwa wacheza kamari, na wa kwetu alikwenda kwa mganga. Katika filamu zote mbili aliyelipa gharama ya bahati ni mdogo kuliko wote ndani ya nyumba.

Kes ina jambo moja ambalo White Shadow inalikosa, nalo ni subira. Loach anatuacha tukae uwanjani na Billy na ndege wake, upepo unavuma, hakuna haraka, mpaka tunampenda yule mtoto bila kulazimishwa. Deshe hatulii. Kamera yake inatikisika kama imeshikwa na mtu anayekimbia, giza ni jingi, na kuna mahali wazee wangu walikuwa wakiulizana kwa sauti, “Huyu nani sasa?” Filamu ina urefu wa karibu saa mbili, na ingeweza kupunguzwa. Naelewa kwamba mwongozaji alitaka tuuone ulimwengu kwa macho ya mtoto aliyetishika. Lakini hata mtoto aliyetishika kuna saa anakaa chini ya mti akala embe.

Baada ya filamu tulinyamaza. Aliyevunja ukimya ni mama mmoja, mwimbaji wa kwaya wa siku nyingi. Hakuuliza habari za wauaji. Aliuliza, “Baba mchungaji, yule mama aliyemtuma mtoto, mbona filamu imemwacha kule kijijini? Imemfuata mtoto, imemsahau mama.”

Sikumjibu. Nilijua kwa nini ameuliza, na baadhi ya waliokuwapo walijua.

Nilibarikiwa uchungaji mwaka 2008, na nikapangiwa usharika wenye mitaa ya machimbo madogo, upande wa Kahama kuelekea Geita. Wasiojua maeneo hayo wafikirie mashimo, yaani maduara, yaliyotapakaa porini kama vichuguu, karasha zinazosaga mawe usiku kucha, vibanda vya nailoni, na watu kutoka kila mkoa wanaokuja duara likitema na kuondoka likikauka. Wakati ule mkoa wa Geita ulikuwa haujaanzishwa, ulikuja mwaka 2012. Geita yenyewe ilikuwa Mwanza, na Bukombe ilikuwa Shinyanga. Ndiyo iliyokuwa miaka ya mauaji. Ilienezwa imani kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kikitiwa katika dawa, dhahabu itaonekana, na kwa mvuvi nyavu zitajaa. Vijana mitaani walikuwa wakimwona mtu mwenye ualbino anapita, wanapigiana kelele, “Dili hilo!” Walikuwa wakicheka. Wengine walikuwa vijana wetu wa kwaya.

Mwaka 2009 ulianza na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, kutokwa machozi bungeni kwa sababu ya mauaji hayo. Mwezi Machi serikali ikaitisha kura za siri, watu waandike majina ya wanaowashuku. Septemba, Mahakama Kuu ikiwa Kahama, ikawahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 huko Bukombe. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Watu walifurahi. Mimi sikuweza kufurahi, na si kwa sababu niliwahurumia wale watatu.

Katika mtaa mmoja alikuwapo mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne mwenye ualbino. Mume alikuwa ameondoka zamani, akidai mtoto si wake. (Maarifa ya damu hayakumsaidia: mtoto huzaliwa hivyo pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba chembe hiyo, hata kama wao wenyewe ni weusi tii. Hapa nchini hukadiriwa ni mtu mmoja katika kila 1,400.) Yule mama aliuza mboga jirani na karasha. Usiku alimfunga mtoto kwa kanga tumboni mwake akalala naye hivyo, ili atakayemchukua amwamshe kwanza yeye. Alikuja kwangu akaniomba, “Baba mchungaji, nitafutie shule ya bweni, hata iwe mbali.” Wakati huo watoto walikuwa wameanza kukusanywa katika shule chache kwa usalama, ikiwamo Buhangija pale Shinyanga. Nilimwambia tuombe. Tukaomba. Nikamwambia nitafuatilia, na sikufuatilia. Ilikuwa msimu wa mavuno, kulikuwa na mnada, kulikuwa na ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti. Alirudi mara tatu. Ya tatu hakuomba chochote, alikaa tu kwenye benchi nje ya ofisi mpaka nikaona aibu nikachukua pikipiki.

Mtoto alipata nafasi. Alikwenda na begi la plastiki na sandarusi ya karanga. Yu hai hadi leo, namshukuru Mungu. Lakini nilipomwona mama wa Alias kwenye shuka lile, akimwachia mwanawe aende kwa sababu kumpenda na kukaa naye vimekuwa vitu viwili tofauti, niliyaona yale matumbo ya nailoni ya kibanda na ile kanga. Yule mwimbaji wa kwaya ni dada yake. Filamu kweli imemwacha mama nyuma, na katika hilo naona ina kasoro ya kweli. Kumwokoa mtoto kwa kumtoa nyumbani ni kumponya na kumjeruhi kwa mkono mmoja. Wapo watoto waliokwenda bwenini na ndugu zao hawakuwatembelea tena. Msanii aliyeona jeraha la panga angetazama zaidi kidogo angeliona na hili.

Kuna kasoro nyingine, na hii ni nzito zaidi kwetu wasomaji wa kitabu cha kanisa. Filamu inakaa sana na mwindaji na anayewindwa. Wenye mapanga wanatisha, mganga anatisha, mtazamaji anatoka akisema, watu hawa ni wanyama, mimi si kama wao. Nami nauliza: nani alikuwa mnunuzi? Mwenye panga alikuwa kibarua. Mganga alikuwa duka. Biashara haiendi bila mteja, na mteja wa dawa ya namna hiyo hakuwa maskini wa kutupwa, maana bei yake maskini haiwezi. Alikuwa mtu mwenye duara, mwenye karasha, mwenye mtumbwi wa injini. Alikuwa na suti. Siku nyingine alikuwa na bahasha ya sadaka.

Mwaka ule wa kwanza wa uchungaji wangu, mtu mmoja alileta sadaka ya shukrani ambayo ilizidi mapato yetu ya nusu mwaka. Duara lake lilikuwa limetema. Nilikuwa nimekwishasikia kwamba anakwenda kwa waganga, na kwamba mganga wake si wa mizizi na majani. Ilikuwa ni fununu tu. Nilisimama madhabahuni nikamwombea baraka, usharika ukapiga makofi ya Kisukuma, nasi tukaezeka nyumba ya mwinjilisti kwa mabati. Machi iliyofuata nilipewa karatasi ya kura ya siri. Nililikumbuka jina lake. Nikafikiri, sina ushahidi, na kumtaja mtu kwa fununu ni dhambi dhidi ya Amri ya Nane. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa fununu za macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, na hata leo naitetea. Nilirudisha karatasi tupu. Lakini hoja hiyohiyo haikunizuia kupokea bahasha. Huko sikutafuta ushahidi wa upande wowote.

Luther katika Katekisimo anapoeleza Amri ya Tano haishii kwenye kumwaga damu. Anataka tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili, na katika Katekisimo Kubwa anakwenda mbele zaidi: aliyeweza kuokoa na hakuokoa anahesabiwa naye kuwa ameua. Tunawakaririsha watoto wa Kipaimara maelezo hayo na kuwapa alama. Na juu ya Amri ya Kwanza anafundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea, hicho ndicho mungu wako. Mchimbaji anayeshuka mita sitini kwa kamba anategemea vitu vingi kwa wakati mmoja. Simcheki. Ningeshuka mimi, sijui ningebeba nini mfukoni.

Mzee mmoja wa kanisa aliondoka ukumbini kabla filamu haijafika nusu. Nilidhani amechukia damu. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai mpaka ikaisha. Amenipa ruhusa niandike haya bila jina. Akasema kwamba katika miaka ile duara lake lilikuwa limekauka miezi minane, ana deni, ana watoto sekondari. Alikwenda kwa mganga. Mganga akamwambia dawa ipo, ila inahitaji “kitu”, akataja bei. “Mchungaji, nilijua kitu gani. Hakunitajia, nami sikuuliza. Nilikwenda nyumbani kutafuta pesa. Nilikosa pesa.” Akanyamaza. “Watu wananiita mzee wa kanisa. Mimi sikuua kwa sababu nilikosa pesa.”

Nimekuwa nikihubiri miaka yote hii na sijawahi kusikia dhambi ikiungamwa kwa usahihi namna ile. Kwamba filamu yenye kamera inayotikisika, iliyotengenezwa na mgeni, iliweza kumfikisha hapo, wakati mahubiri yangu hayakuweza, kunanifanya niisamehe kasoro zake nyingi. Nilimtangazia msamaha, kama nilivyowekewa mikono kufanya. Tukakubaliana kwamba ada ya shule ya mtoto mmoja aliye bwenini iwe juu yake, na kwamba ada hiyo haibadiliki kuwa malipo ya kitu chochote. Aliuliza kama aendelee na uzee wa kanisa. Hilo tumelipeleka kwa baraza, na bado halijaamuliwa.

Sasa yule mtoto wa kanga. Siku hizi ni kijana, anasoma chuo mkoa mwingine, na Krismasi huja siku mbili tatu kumwona mama yake. Safari hii nilimpa filamu katika flashi, nikamwonya kwamba ni nzito, asiitazame peke yake. Aliitazama peke yake. Akaja kesho yake, kofia pana kichwani, mikono mirefu ya shati imefungwa vifungo, akacheka kabla hajakaa.

Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Yeye alitaka kuzungumza habari za Antoinette. Akasema sisi wazee tumeitazama filamu yote na hatukuona kwamba yule kijana amependa, anatania, anajifunza biashara haraka kuliko wenzake, ana maringo kidogo anapouza simu. “Mchungaji, umeniambia ni filamu ya mauaji. Mimi nimemwona mtu anayetaka kuoa.” Kuhusu mauaji alisema maneno machache tu, kwamba usiku wa pale mwanzoni ameuruka, kisha akarudi akautazama sauti ikiwa imezimwa. Kuhusu Salum hakusema kitu.

Nikamuuliza habari ya mama wa Alias, lile swali la mama yake mdogo. Akafikiri. Akasema hakuliona hilo kuwa kosa, kwa sababu na yeye alipokuwa shuleni miaka ile ya mwanzo, sura ya mama ilikuwa inafutika, akawa anakumbuka kanga tu, rangi yake na harufu ya moshi.

Kisha akaniomba nimpe ukumbi mwezi Juni, karibu na tarehe 13, siku ya kimataifa ya watu wenye ualbino, aionyeshe kwa vijana wa Umoja wa Vijana, wale wa miaka kumi na minane na kuendelea. Nimekubali. Ameshanipa masharti mawili: asiitwe mbele kutoa ushuhuda, na tutafute spika nyingine.